Ini Halilalamiki Mapema: Mwongozo kwa Mtumiaji kuhusu Ini Kusinyaa na Ini Kushindwa Kufanya Kazi

Magonjwa ya ini husababisha vifo takribani milioni 2 duniani kila mwaka, yaani kifo kimoja katika kila vifo 25. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na ini lililosinyaa kwa makovu, hali ambayo wataalamu huiita sirosisi, pamoja na saratani ambayo mara nyingi huota juu ya makovu hayo. Wagonjwa wengi huwa katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto, na wengi wao hufika hospitali wakati tiba iliyobaki ni ya kupunguza mateso tu.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ini linavyofikia hali hiyo, kwa nini mzigo wake unaongezeka katika hospitali na katika kaya zetu, na mambo ambayo mtumiaji wa dawa, chakula na vinywaji anaweza kuyafanya kabla ya kuchelewa. Mamlaka yetu inasimamia dawa, vifaa tiba na vitendanishi, hivyo tutakaa zaidi kwenye maeneo hayo. Tutagusia pia chakula na pombe, kwa kuwa ini halitofautishi kilichotoka duka la dawa na kilichotoka jikoni.

Ini na kazi zake

Ini hukaa upande wa juu kulia wa tumbo, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa takribani kilo moja na nusu. Damu itokayo kwenye utumbo, ikiwa imebeba chakula, vinywaji na dawa tulizomeza, hupita kwenye ini kwanza kabla ya kusambaa mwilini. Humo sukari huhifadhiwa, protini za damu hutengenezwa, zikiwemo zile zinazoiwezesha damu kuganda, na sumu huvunjwa ili zitoke mwilini. Kila kidonge, kila bilauri ya pombe na kila kikombe cha mitishamba hupita katika lango hilo moja.

Ini lina uwezo mkubwa wa kujijenga upya baada ya kujeruhiwa. Linapojeruhiwa mfululizo kwa miaka mingi, hata hivyo, makovu huchukua nafasi ya nyama hai. Makovu yakienea, ini huwa gumu na lenye vinundu, na hapo ndipo tunaposema limesinyaa. Safari hiyo huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi, na katika sehemu kubwa ya safari mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Ini lililosinyaa huleta madhara ya aina mbili. La kwanza ni la njia ya damu. Damu inayotoka kwenye utumbo hukosa nafasi ya kupita, shinikizo hupanda, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula huvimba hata ikaweza kupasuka na mgonjwa akatapika damu. La pili ni la kazi yenyewe kushindikana. Macho huwa ya manjano, damu hushindwa kuganda vizuri, na sumu ambazo ini lilipaswa kuziondoa hufika kwenye ubongo. Mgonjwa huanza kulala mchana na kukesha usiku, mikono hutetemeka, maneno hupotea, na mwishowe huchanganyikiwa au kuzirai.

Tunaisisitiza dalili hii ya mwisho kwa sababu katika familia nyingi hudhaniwa kuwa ni wazimu, mashetani au kurogwa. Kutapika damu nako huhusishwa mara kwa mara na kulishwa sumu na mtu mwenye husuda. Siku zinazopotea katika kumtafuta mchawi ni siku ambazo hospitali ingeweza kuzuia damu na kuokoa maisha.

Ifahamike pia kwamba ini linaweza kushindwa ghafla, ndani ya siku au wiki chache, kwa mtu ambaye hakuwa na kovu lolote. Dawa iliyozidishwa kipimo, virusi na chakula chenye sumukuvu ni miongoni mwa visababishi vyake.

Kwa nini mzigo unaongezeka

Sababu kubwa katika nchi zetu ni virusi vya homa ya ini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B na milioni 50 wakiishi na homa ya ini C. Virusi hivyo viliua watu milioni 1.3 katika mwaka huo. Kanda ya Afrika ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B. Duniani kote, ni asilimia 13 tu ya wenye homa ya ini B sugu waliokuwa wamepimwa na kujua hali zao, na takribani asilimia 3 waliokuwa kwenye dawa.

Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kubaki na virusi maisha yake yote, ilhali kwa mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani uwezekano huo haufiki asilimia 5. Nchini Tanzania, chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na leo hutolewa ndani ya chanjo ya pamoja katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake ni kwamba wengi wa waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakupata kinga utotoni. Kundi hilo ndilo linaloingia sasa katika umri ambao makovu hujitokeza.

Juu ya virusi imeongezeka pombe, na juu ya pombe yameongezeka maradhi ya mwenendo wa maisha. Takribani watu watatu katika kila kumi duniani wana mafuta yaliyozidi kwenye ini, hali inayoambatana na unene wa tumbo na kisukari. Baadhi yao hupata makovu bila kuwahi kuonja pombe. Katika Kanda ya Ziwa kuna pia kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa kugusa maji yenye vimelea. Mayai yake huziba njia za damu ndani ya ini na kuleta kutapika damu hata kabla ini lenyewe halijashindwa. Ugonjwa huo una dawa inayojulikana, prazikwanteli.

Tuutazame mzigo huo ndani ya kaya. Chukulia fundi wa magari wa miaka 42 ambaye tumbo lake limeanza kujaa maji. Atahitaji kulazwa, kutolewa maji tumboni kila baada ya muda, kupimwa kwa utrasaundi, kuingizwa kamera kooni ili mishipa iliyovimba ifungwe, kuongezewa damu pale inapopasuka, na dawa za kila siku. Kamera hizo na wataalamu wake hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za kanda na za taifa, kwa hiyo nauli na malazi ya mwangalizi huongezeka kwenye hesabu. Gereji imefungwa, hakuna kinachoingia. Kupandikizwa ini, tiba pekee ya kuliondoa ini lililokwisha, kwa mgonjwa wa kwetu kumekuwa na maana ya safari ya nje ya nchi, pamoja na dawa za maisha baada yake. Ukiweka pembeni ya gharama hizo bei ya kipimo cha haraka cha homa ya ini B na chanjo zake tatu, utaona kwa nini tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kupima na kuchanja: mambo ya kuyajua kabla ya kulipa

Kwanza, usichanganye homa ya ini na homa ya manjano. Haya ni magonjwa mawili tofauti yenye virusi tofauti na chanjo tofauti. Msafiri mwenye kadi ya chanjo ya homa ya manjano hana kinga dhidi ya homa ya ini B kwa sababu ya kadi hiyo.

Pili, mtu mzima hupaswa kupimwa kabla ya kuchanjwa. Chanjo humkinga asiye na virusi. Haimtibu aliye navyo. Kituo kinachokuchanja bila kukupima kinaweza kukuacha ukiamini umekingwa, kumbe makovu yanaendelea. Ratiba ya kawaida ya mtu mzima ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Tunza kadi, na usiache dozi ya tatu.

Tatu, jibu la kipimo cha haraka ni mwanzo wa safari. Likionyesha una homa ya ini B, vipimo vingine vinahitajika ili kujua kama maambukizi ni mapya au sugu, virusi ni vingi kiasi gani, na ini limeathirika kwa kiwango gani. Baadhi ya watu watahitaji dawa na wengine watahitaji kufuatiliwa tu. Dawa inayotumika sana, tenofovu, hudhibiti virusi na kupunguza makovu, ingawa kwa kawaida haiviondoi kabisa; kwa hiyo haiachwi bila ushauri wa daktari, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuufanya ugonjwa ulipuke. Homa ya ini C, kwa upande wake, hupona kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wanaomeza dawa za kisasa kwa wiki 8 hadi 12.

Nne, vipimo vinunuliwe na kufanyika mahali panapotambulika. Kitendanishi kilichokaa juani, kilichopita muda wake au kisichosajiliwa kinaweza kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima. Unayo haki ya kuomba kuonyeshwa pakiti na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutobolewa kidole.

Mjamzito aombe kupimwa homa ya ini B kliniki. Virusi vikigunduliwa mapema, zipo njia za kupunguza sana uwezekano wa kumwambukiza mtoto. Na yeyote atakayekutwa na virusi asitengwe: homa ya ini B huenea kwa damu, kwa kujamiiana, kwa mama kwenda kwa mtoto, na kwa vifaa vyenye ncha kali. Haienei kwa kula sahani moja, kupeana mikono wala kukumbatiana. Virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hivyo wembe wa saluni, wembe wa chale na sindano visitumike kwa watu wawili.

Dawa za kawaida zinazoweza kuliumiza ini

Parasetamoli ni dawa nzuri na salama ikitumika kwa kipimo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Anayekunywa pombe sana, mwenye mwili mdogo au mwenye ugonjwa wa ini anapaswa kutumia pungufu ya hapo, kwa ushauri wa mtaalamu. Tatizo hutokea pale mgonjwa anapoimeza mara mbili bila kujua. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na vipo vidonge vya maumivu vilivyochanganya diklofenaki na parasetamoli. Anayemeza vyote kwa pamoja, akiongeza na vidonge vya homa, huvuka kikomo ndani ya siku moja.

Aliyezidisha kipimo huweza kujisikia vizuri siku ya kwanza. Manjano na kuchanganyikiwa huja siku ya pili hadi ya nne, wakati ini limekwisha kuumia. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Usisubiri dalili, nenda hospitali na pakiti ya dawa mkononi.

Kwa watoto, soma nguvu ya dawa ya maji kwenye chupa, kwani hutofautiana. Tumia kipimo kilichokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Dawa za kifua kikuu na baadhi ya dawa nyingine za muda mrefu nazo zinaweza kuliathiri ini. Usiziache kwa hofu, maana kifua kikuu kisichotibiwa kinaua. Rudi kituoni mara moja ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kichefuchefu kisichoisha au kukosa kabisa hamu ya kula. Na mwenye ini lililosinyaa aepuke diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa huweza kusababisha kutoka damu na kuharibu figo.

Bidhaa za “kusafisha ini”

Tunakutana na chupa na unga vinavyonadiwa kwenye mabasi, minadani na mitandaoni kwa ahadi ya kusafisha ini, kuyeyusha mafuta au kumaliza homa ya ini B kwa siku chache. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuondoa makovu ya sirosisi kwa siku chache, na ini lisilo na ugonjwa halihitaji kusafishwa. Mgonjwa wa homa ya ini anayeacha tenofovu ili atumie unga wa namna hiyo hupoteza fedha na kinga kwa pamoja.

Hatusemi kwamba tiba asili haina nafasi. Tiba hiyo inatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na ina Baraza lake linalosajili waganga na dawa zao. Tunachomwomba mtumiaji ni kuhakiki. Kabla ya kununua, uliza:

- Je, bidhaa ina namba ya usajili, jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi?
- Je, viambato vyote vimetajwa kwenye lebo?
- Je, muuzaji anaahidi kuponya magonjwa mengi kwa dawa moja, au anakutaka uache dawa za hospitali?

Jibu likiwa “hapana” kwa swali la kwanza au la pili, au “ndiyo” kwa la tatu, acha. Na kila unachotumia, hata kama ni majani ya shambani kwako, mwambie daktari wako. Hakuulizi ili akukaripie. Bila kujua hawezi kutambua chanzo cha manjano yako.

Pombe na nafaka

Mtumiaji wa pombe asipime kwa chupa, apime kwa kilevi kilichomo. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina takribani gramu 55, karibu sawa na bia tatu, ingawa hutoshea mfukoni. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, na gongo hairuhusiwi kisheria. Kwa pombe isiyo na lebo, mnywaji hajui kipimo wala kilichomo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kabisa kwa afya. Kwa mwenye homa ya ini au kovu lolote, ushauri wetu ni mmoja: aache kabisa. Hata ini lililokwisha kusinyaa hunufaika pombe inapoachwa.

Kuhusu nafaka, sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, na 20 kati yao wakafariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, sumukuvu huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini B. Kupika hakuiondoi. Viwango vya Afrika Mashariki, ambavyo hapa nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), haviruhusu sumukuvu kuzidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni ya mahindi.

Nyumbani, anika mahindi juu ya turubai na siyo juu ya udongo, yahifadhi yakiwa makavu katika mifuko isiyopitisha hewa, chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na usizipeleke kwenye pombe ya kienyeji wala kwa mifugo. Kukoboa kabla ya kusaga hupunguza sumu kwa kiasi.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo

- Kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami.
- Macho au ngozi kuwa ya manjano.
- Tumbo kujaa kwa haraka, hasa likiwa na homa au maumivu.
- Kuchanganyikiwa, kulala kupita kiasi au kutetemeka mikono kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini.
- Kumeza parasetamoli kupita kipimo, hata kama hujisikii vibaya.

Wajibu wetu na wako

Ukipata madhara unayoshuku yametokana na dawa, kipimo au bidhaa iliyouzwa kama dawa, tunza pakiti, risiti na kiasi kilichobaki, kisha utoe taarifa kwenye kituo cha afya au ofisi yetu iliyo karibu nawe. Anwani na namba za simu zimechapishwa nyuma ya kijitabu hiki. Huhitaji kuwa na uhakika ndipo utoe taarifa. Kazi ya kuthibitisha ni yetu, na taarifa moja inaweza kuunganishwa na nyingine kutoka mkoa wa mbali hadi bidhaa yenye madhara ikaondolewa sokoni.

Sehemu iliyobaki hatuwezi kuifanya kwa niaba yako. Kama ulizaliwa kabla ya mwaka 2002 na hujawahi kupima homa ya ini B, kapime. Kama jibu ni salama, kachanje. Kama si salama, bado unayo miaka mingi ambayo ini lako linaweza kulindwa, na kadiri unavyojua mapema ndivyo miaka hiyo inavyoongezeka.